Jeremiah Nyagah: Miaka 34 bungeni, na kiti kilichozidi kupungua

Novemba 2025 simu yako ilijaa Mbeere. Hata kama hujawahi kukanyaga Siakago, ulijua kuna uchaguzi mdogo Mbeere Kaskazini. Ulijua kuna Leo Wamuthende wa UDA na Newton Karish wa DP, ulijua vigogo wote wa siasa wamehamia huko na magari yao, na usiku wa tarehe 27 ulikaa macho ukingoja hesabu. Tofauti ilipotoka haikufika hata kura 500. Kwa siku mbili tatu kila msee mtaani akawa mtaalamu wa Mbeere. Kabla ya hapo, tuseme ukweli, wengi wetu tuliijua kwa kitu kimoja tu: muguka.

Sasa nataka nikupeleke upande wa pili wa Mbeere, ule wa kusini, wa Kiritiri na Gachoka, na nikurudishe nyuma sana. Mwanasiasa ninayekuletea anaitwa Jeremiah Nyagah. Kama kwenu ni Embu, jina hilo umelisikia kwa nyanya yako. Kama umezaliwa Nairobi baada ya 2000, labda unamjua mwanawe tu, Joseph, yule aliyewania urais 2017 bila chama. Mzee mwenyewe aliingia bungeni 1958, bunge likiwa bado la Mzungu, akatoka 1992 kwa kustaafu. Miaka 34 mfululizo. Hakuna aliyewahi kumwangusha.

Watu husimulia hiyo rekodi kama muujiza. Mimi nimeifuatilia kwa muda, na naona nusu ya hadithi haimhusu Nyagah mwenyewe. Inahusu nani aliruhusiwa kupiga kura, na nani alichora mipaka ya kiti.

Alizaliwa Novemba 1920 huko Embu. Mwaka huo huo ndio Uingereza iliacha kuita nchi hii himaya na kuifanya koloni, ikaipa jina la Kenya. Kwa hivyo yeye na Kenya ni rika moja, kihalali kabisa. Alipitia shule za misheni, akafika Alliance, akaenda Makerere kule Uganda, na miaka ya 1950 akafika Oxford kusomea mambo ya elimu. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo najua vizuri jinsi mzee wa aina hii angeniangalia. Alikuwa mwalimu, kisha afisa wa elimu. Alikuwa pia Skauti, na hilo hakuliacha hata alipoanza kuzungukwa na walinzi na madereva wa serikali.

Hebu fikiria Mlima Kenya wa wakati huo. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa kwenye kapu moja na serikali ya kikoloni: jamii za kushukiwa. Vijiji vilizungushiwa mitaro na ua, watu wakafungwa kambini, na wengine wakalima mashamba ya mpunga ya Mwea wakiwa wafungwa. Mwaka 1955 serikali ikawaruhusu Waafrika kuanzisha vyama vya siasa tena, lakini vya wilaya moja moja tu, hakuna cha nchi nzima. Na Mkoa wa Kati hata hivyo haukupata. Kule Nairobi Tom Mboya anajenga jina, kule Nyanza Odinga anajenga jina, lakini Embu na Meru hakuna chama, na mkutano wowote ni mpaka mkuu wa wilaya akubali.

Halafu uchaguzi ukaja. Machi 1957, mara ya kwanza Mwafrika wa Kenya kumchagua mtu wa kumwakilisha katika Baraza la Kutunga Sheria, lile waliloliita Legco. Viti 8 kwa nchi nzima. Mkoa wote wa Kati, kuanzia Kiambu hadi Meru, ulipewa kiti kimoja. Kimoja! Leo kaunti ya Embu peke yake ina wabunge 4 wa maeneobunge.

Na si kila mtu alipiga kura. Ulitakiwa uwe na sifa: umesoma hadi kiwango fulani, au una mapato ya kutosha, au mali, au umetumikia serikali kwa muda, au una umri mkubwa. Kila sifa ilikuongezea kura, na mtu mmoja angeweza kufikisha kura 3. Ndiyo, umesoma vizuri. Wewe na jirani yako mnaingia kituoni pamoja, wewe una kura 1 naye ana 3 kwa sababu amesoma na ana mshahara. Mwalimu wa Makerere alikuwa hapo juu kabisa. Mama aliyemlimia mwalimu huyo shamba hakuwa popote.

Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kulikuwa na sharti jingine juu ya hayo yote. Ulitakiwa kuwa na cheti cha uaminifu, karatasi ya serikali kwamba wewe si Mau Mau na ulisimama na serikali. Bila cheti, digrii yako haina maana. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Wiki chache baadaye mkoa wake ukapiga kura, na waliokuwa upande wake hawakuwa kwenye daftari.

Sasa tazama kilichotokea. Mbunge aliyekuwepo ni Eliud Mathu wa Kiambu, Mwafrika wa kwanza kuingia Legco, aliyeteuliwa na gavana tangu 1944. Msomi wa Fort Hare na Oxford, jina kubwa. Lakini Wakikuyu wengi hawakuwa na cheti. Wameru wengi walikuwa nacho, kwa sababu vita havikuwa vimeshika Meru kama vilivyoshika Nyeri au Murang'a, ingawa usisahau kwamba Meru pia ilitoa wapiganaji wa msituni, Musa Mwariama akiwa mmoja. Daftari likawa na Wameru kupita kiasi chao. Na Meru walikuwa na mtu wao, mwalimu anayeitwa Bernard Mate. Mate akamwangusha Mathu.

Hiyo ndiyo historia ya kwanza ya kura katika eneo letu, na sijui kwa nini hatufundishwi shuleni. Sisemi Mate hakustahili. Nasema mshindi alijulikana kwa kiasi kikubwa siku karatasi zilipogawanywa, kabla mtu yeyote hajaona debe.

Waafrika 8 waliochaguliwa walikataa kutulia. Walisema viti ni vichache, na wakagoma kuchukua uwaziri. London ikalegea kidogo: viti 6 vikaongezwa, vikawa 14. Mkoa wa Kati ukakatwa vipande vitatu. Mate akabaki na upande wa Meru, Julius Kiano akapata upande wa kusini, na katikati pakawa na kiti kipya cha Nyeri na Embu pamoja. Uchaguzi ukafanywa Machi 1958. Hapo ndipo afisa wa elimu Jeremiah Nyagah, miaka 37, alipoingia.

Angalia ukubwa wa kiti hicho. Unaanzia Nyandarua, unapita Nyeri mjini, unashuka Kirinyaga, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu, unafika Embu, unateremka hadi kwenye joto la Mbeere na mto Tana. Mtu mmoja. Na Nyeri ilikuwa na watu wengi kuliko Embu, lakini Nyeri ndiko vita vilikochomea zaidi, na masharti ya kura yalikuwa yale yale ya mwaka uliotangulia. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini Mwembu angeweza kubeba kiti hicho.

Kwa hivyo Nyagah alianza kama Mate: kwa mlango ambao wengine walifungiwa nje. Hilo halifichiki. Lakini mlango ukishafunguka, kuna kazi ya kufanya ndani, na hapo naona alijitofautisha. Januari 1960 alikuwa London, katika kikao cha Lancaster House, mmoja wa wale Waafrika 14 waliochaguliwa. Ronald Ngala ndiye aliyewaongoza, Mboya akiwa katibu wao. Huko ndiko ilikokubaliwa kwamba Waafrika wawe wengi bungeni. Mwezi huo huo hali ya hatari ikaondolewa nyumbani. KANU ikazaliwa mwaka huo, Nyagah akaingia.

Februari 1961 uchaguzi mwingine, wapigakura wengi zaidi. Sasa swali likawa: wale waliofungiwa nje 1957 na 1958 wakiingia, watamtema mtu wa cheti? Hawakumtema. Ila kiti chenyewe kilikuwa kimeshapungua. Nyeri ilipata chake, Nyagah akabaki na Embu. Mwaka 1963, kabla ya uhuru, mipaka ikachorwa upya tena. Kirinyaga ikatolewa Embu ikawa wilaya yake na kubaki Mkoa wa Kati. Embu na Meru zikahamishiwa Mkoa wa Mashariki, pamoja na Ukambani na nchi kavu ya kaskazini. Na Nyagah akawa mbunge wa Embu Kusini, yaani Mbeere.

Umeona? Mwaka 1958 Nyandarua mpaka Tana. 1961 wilaya moja. 1963 nusu ya chini ya wilaya. Kila mara kiti kilipokatwa, kilichobaki kilikuwa karibu zaidi na nyumbani kwao. Wabunge wengi hupoteza kiti mipaka ikichorwa upya. Yeye mipaka ilikuwa inamfuata nyumbani.

Mbeere si Embu ya juu. Kama umewahi kutoka Embu mjini kuelekea Kiritiri, umeona mwenyewe: migomba na kahawa vinaisha, nyasi zinakauka, mbuzi wanaanza, udongo unakuwa mwekundu na mawe. Watu hulima mtama, mawele na ndengu, na siku hizi muguka ambao huko Pwani magavana waliupiga marufuku mwaka 2024. Mwaka 1963 hii ilikuwa pembe ya mbali. Mtu wa huko kuwa na mbunge anayekaa kwenye baraza la mawaziri halikuwa jambo dogo, na Nyagah alikaa humo miaka mingi sana, chini ya Kenyatta na tena chini ya Moi. Sehemu kubwa ya miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Kilimo. Baridi ilipoua kahawa ya Brazil 1975 na bei ikapanda kama roketi, wakulima wa Embu ya juu na Meru wakajenga nyumba za mawe na kununua matreka. Waziri wao alikuwa mtu wa nchi ambayo kahawa haimei. Sijui kama kuna aliyeona kichekesho hicho wakati huo.

Na kuna jambo la umeme, ambalo linaniumiza hata mimi ninayeandika kutoka mbali. Mto Tana unapita kwenye mpaka wa Mbeere. Serikali ikajenga humo mabwawa matano: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Yote matano katika miaka ambayo mzee alikuwa mbunge na waziri. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Kenya ilitoka hapo. Taa za Nairobi, redio ya baba yako, viwanda vya Thika. Nyaya zilipita juu ya manyatta na nyumba za Wambeere zikielekea mjini, na vijiji chini ya nyaya vikakaa gizani kwa miongo. Mzee alikuwa serikalini siku zote hizo. Huwezi kumpa sifa ya miaka 34 kisha ukamwondolea hiyo.

Sasa nusu ya pili ya hadithi, na hapa lazima nimtendee haki.

Unaweza kusema, si ilikuwa enzi ya chama kimoja, kila mtu wa KANU alipita tu. Hapana. Ndani ya KANU watu walikuwa wanaangushana vibaya. Wapigakura hawakuweza kubadilisha serikali, kwa hivyo hasira yote iliishia kwa mbunge. Mwaka 1974 Dkt Njoroge Mungai, waziri wa mambo ya nje na jamaa wa Rais Kenyatta, aliangushwa Dagoretti. Mwaka 1979 Julius Kiano, yule aliyeingia Legco siku moja na Nyagah, aliangushwa na Kenneth Matiba huko Mbiri. Mwaka huo huo Meru ikamwangusha Jackson Angaine, waziri wa ardhi tangu uhuru, mtu aliyekuwa akiitwa mfalme wa Meru. Mfalme! Na akaanguka kama mtu mwingine yeyote.

Nyagah akarudi kila mara. 1969, 1974, 1979, 1983. Kwa nini? Maoni yangu ni haya. Angaine alitawala, Kiano alihutubu, Mungai alikuwa karibu na ikulu. Nyagah alikuwa mtu mtulivu ambaye ni vigumu kumtengenezea uadui. Katika nchi kavu ambako shule zilikuwa chache, mwalimu ndiye aliyekusomea barua, aliyekujazia fomu, aliyekuambia mtoto aende wapi. Mtandao wa walimu na kanisa ulikuwa ndio kampeni. Huna mabango, huna TikTok, una walimu wakuu hamsini wanaokujua kwa jina la kwanza. Na hakuwa mtu wa kujipimia urais, kwa hivyo Nairobi pia hakuna aliyekuwa na haraka ya kumfadhili mpinzani wake.

Mwaka 1988 ndio ule wa mlolongo. Kama hujui, muulize mzazi wako na umtazame uso. Kura za mchujo za KANU zilipigwa kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, wazi, chifu akitazama. Ukipata asilimia 70 mchujoni, umepita moja kwa moja, hakuna kura ya siri tena. Katika sehemu nyingi foleni fupi ilitangazwa mshindi. Nyagah alirudi mwaka huo, na kiti kikiwa kimekatwa tena na kupewa jina jipya, Gachoka. Kwa hivyo mtu aliyeingia kwa kura ambazo wengine walinyimwa sababu ya cheti, muhula wake wa mwisho ulitokana na uchaguzi ambao kura haikuwa hata siri. Katikati ya hapo kuna zile chaguzi tano sita ambazo naamini alizishinda sawasawa. Rekodi yake ni hivyo vyote vikiwa pamoja.

Vyama vingi viliporudi, hakungoja aone. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992 alistaafu, akiwa na miaka 72. Mtu aliyezaliwa Kiritiri 1958 alikuwa amefika miaka 34, pengine ana watoto wanne, bila kujua mbunge mwingine.

Je, alijua sasa? Alijua, lakini jina halikubadilika. Norman Nyagah, mwanawe, akachukua Gachoka 1992, kisha akahamia Kamukunji hapa Nairobi. Joseph, mwana mwingine, akashika Gachoka 1997 na 2002. Baba, mwana, mwana. Ukiwauliza wazee wengine watakuambia ni familia ya watu wenye adabu na elimu, na ni kweli. Mimi nabaki nikijiuliza ni vijana wangapi wa Mbeere wenye adabu na elimu hawakuwahi hata kuchukua fomu.

Jibu lilikuja Desemba 2007. Joseph alikuwa amejiunga na ODM, akawa katika ile Pentagon ya Raila Odinga. Kuwa ODM Mlima Kenya mwaka ule ilikuwa sawa na kuvaa jezi ya Gor Mahia katikati ya mashabiki wa AFC Leopards. Gachoka ikaenda kwa Mutava Musyimi, kasisi, kwa tiketi ya PNU. Tangu 1958, kwa karibu miaka 50, hiyo ndiyo mara ya kwanza pembe ile kuwakilishwa bungeni na mtu asiyeitwa Nyagah. Baadaye jina Gachoka nalo likafutwa. Tangu uchaguzi wa 2013 eneo hilo ni Mbeere Kusini.

Mzee aliona hayo yote. Aliona kiti kikienda, aliona na nchi ikiungua mwanzo wa 2008 kwa sababu ya kura. Alifariki Aprili 10, 2008, akiwa na miaka 87. Siku tatu baadaye Rais Kibaki na Raila wakatangaza baraza la mawaziri la serikali ya muungano, na Joseph Nyagah akawa Waziri wa Ustawi wa Ushirika.